KARATASI ILIYOTUPWA: MSAKO WA MAELEKEZO YA TRENI ZA KUCHEZEA ZA ZAMANI

Askari yeyote aliyepita katika chuo cha mafunzo anaikumbuka siku ile alipotandikiwa kipande cha turubai, akaamriwa kuifungua bunduki yake kipande kwa kipande na kisha kuifunga tena huku mkufunzi akitazama saa. Kuifungua hakukuwa kazi kubwa. Kazi ilikuja wakati wa kuifunga, pale kipande kimoja kidogo kilipobaki juu ya turubai na mwenyewe hajui mahali pake. Siku hiyo kuruta hujifunza jambo ambalo hatalisahau maisha yake yote: vipande pekee havifanyi chombo, hapana budi pawepo na elimu ya kukiweka kila kimoja mahali pake.

Somo hilo ndilo tunalolikusudia leo, ingawa tutalifuata kwa njia ambayo wasomaji wetu wengi hawajaizoea. Wapo watu wazima huko Uingereza, Marekani na nchi nyinginezo, wenye mvi na wajukuu, ambao hutumia miezi, na mara nyingine miaka, wakitafuta karatasi moja. Karatasi hiyo si hati ya shamba wala wosia. Ni karatasi ya maelekezo iliyotiwa ndani ya sanduku la treni ya kuchezea miaka 60, 80 au hata 100 iliyopita.

Asiyeijua habari hii atacheka, nasi hatumlaumu. Lakini ndugu msomaji, hasa wewe uliye mpelelezi au mtunza ghala la silaha, tunakuomba uufuate msako huu hatua kwa hatua. Utaona kwamba unahitaji akili ile ile unayoitumia kazini, na kwamba mwenye kuukosea aweza kuiunguza mali yake au kujiumiza mwenyewe.

TRENI YA NATI NA BOLTI

Frank Hornby alizaliwa katika mji wa Liverpool, Uingereza, mwaka 1863. Alikuwa karani katika biashara ya kuingiza nyama kutoka nchi za nje, na saa zake za mapumziko akiwatengenezea wanawe vitu vya kuchezea kwa vipande vya chuma. Usumbufu alioupata ulikuwa huu: kila kitu kipya kilidai vipande vipya. Ndipo alipobuni vipande vyembamba vyenye matundu yaliyopangwa kwa umbali ulio sawa, nusu inchi kutoka tundu hadi tundu, ili kipande kilichokuwa sehemu ya winchi leo kiweze kuwa sehemu ya daraja kesho. Mwaka 1901 alipewa haki ya kisheria juu ya ubunifu huo, na mwaka 1907 akaupa jina la Meccano, ambalo baadaye lilienea katika pembe nyingi za dunia.

Kila kipande cha Meccano kilikuwa na namba yake, kama kila kipuri cha gari la jeshi kilivyo na namba yake katika daftari la stoo. Namba 1 ni kipande cha inchi 12 na nusu chenye matundu 25. Namba 5 ni cha inchi 2 na nusu chenye matundu 5. Spana ilikuwa namba 34, na bisibisi namba 36. Kitabu cha maelekezo kilionyesha picha ya chombo kilichokamilika pamoja na orodha ya namba na hesabu ya vipande. Mengi yaliyobaki mtoto aliachiwa ayafikiri mwenyewe.

Mwaka 1920 Hornby alitoa treni zake za kwanza. Palikuwa na kichwa cha treni kilichoendeshwa kwa springi inayokazwa kwa ufunguo, mfano wa saa ya mezani. Nyuma yake kigari cha makaa na behewa la mizigo. Vyote vikipita juu ya reli zilizoachana kwa milimita 32. Jambo lililozitofautisha na treni nyingine zilizokuwa madukani, ambazo nyingi zilitoka Ujerumani, ni kwamba mwili wake ulishikizwa kwa nati na bolti zile zile za Meccano. Mtoto aliweza kuifungua yote, kubadili kipande kilichopinda, kisha kuifunga tena. Kwa hiyo maelekezo hayakuwa pambo la sanduku. Yalikuwa sehemu ya mchezo wenyewe, kama vile kitabu cha mafunzo kilivyo sehemu ya silaha.

KARATASI ILIVYOPOTEA

Sasa yafaa tuulize: ikiwa treni yenyewe imedumu miaka 100, kwa nini karatasi yake isidumu?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida katika kila nyumba. Asubuhi ya Krismasi sanduku hufunguliwa kwa haraka, baba husoma maelekezo mara moja, treni ikazunguka, na karatasi ikaenda pamoja na takataka za siku hiyo. Anayetupa karatasi hafikiri kwamba ipo siku springi itakatika, au kwamba mwanawe atakapokuwa mzee atataka kumwonyesha mjukuu treni aliyopewa na marehemu baba yake.

Sababu ya pili ni vita. Katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 viwanda vya michezo vya Uingereza na Marekani viliacha kutengeneza treni na kugeukia mahitaji ya majeshi. Wananchi wa Uingereza walihimizwa kutoa karatasi kuukuu ili zisagwe na kutumiwa upya, nao Wamarekani walitoa vyuma vikuukuu viyeyushwe. Hakuna ajuaye ni masanduku mangapi yaliyoishia katika malundo hayo.

Vita hivyo vilizaa pia treni ya ajabu kupita zote. Kampuni ya Lionel ya Marekani, iliyoanzishwa na Joshua Lionel Cowen mwaka 1900, ilisimamisha treni zake mwaka 1942 na kutengeneza dira na vyombo vinginevyo vya jeshi la wanamaji. Ili watoto wasilisahau jina lake, mwaka 1943 ikatoa treni ya karatasi ngumu kwa bei ya dola 1. Mnunuzi alipaswa kuvibandua vipande kutoka katika karatasi zilizochapwa, kuvikunja, na kupenyeza ncha hii katika mwanya ule, hata kichwa, mabehewa na reli vitokee. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kiasi cha kuwashinda watu wazima. Hapa ndipo tunapouona ukweli waziwazi: treni ya chuma iliyokosa maelekezo bado ni treni, lakini treni ya karatasi iliyokosa maelekezo ni rundo la vibandiko. Zilizosalimika ni chache sana, na baadaye watu walichapa nakala zake ili kizazi kipya kijaribu bahati yake.

Sababu ya tatu ni kufa kwa viwanda. Kampuni ya Meccano iliingia mikononi mwa Lines Brothers mwaka 1964. Mwaka 1971 kundi hilo lilianguka, na Meccano ikapata mwenyewe mwingine. Mwezi Novemba mwaka 1979 kiwanda cha Binns Road, Liverpool, kilichokuwapo tangu mwaka 1914, kikafungwa. Wafanyakazi waliopewa habari hiyo kwa ghafula walikataa kuondoka, wakakikalia kiwanda, lakini mwisho wake milango ilifungwa. Kiwanda kinapofungwa hupotea zaidi ya mashine na mishahara. Hupotea fundi wa meza ya matengenezo aliyejua, bila kusoma popote, ni bolti ipi hukazwa kwanza na ni ipi huachwa legelege hadi mwisho. Hapo ndipo karatasi iliyodharauliwa inapogeuka kuwa shahidi wa pekee.

HATARI YA KUBAHATISHA

Huenda msomaji akasema: mwenye akili atabahatisha mpaka apate. Tunamsihi asifanye hivyo, nasi tutatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni springi. Kichwa cha treni cha kukazwa kwa ufunguo hubeba utepe mrefu wa chuma uliobanwa ndani ya mtambo wake. Afunguaye mtambo huo kabla ya kuiachia springi ilegee huirusha kwa nguvu ya ghafula, naye aweza kukatwa vidole au kudhurika macho. Jambo hili halionekani kwa nje. Laonekana katika maelekezo.

Mfano wa pili ni umeme. Mwaka 1925 Hornby alitoa treni yake ya kwanza ya umeme, mfano wa vichwa vya reli ya Metropolitan ya London. Aina moja ilitumia volti 4 tu kutoka katika betri. Aina nyingine, iliyofanana nayo kwa umbo, ilipata nguvu zake kutoka katika umeme wa nyumba, ukipitishwa kwanza katika balbu na kidhibiti kabla ya kufika relini. Leo mtu asingethubutu kumwekea mtoto umeme wa namna hiyo sakafuni, na kwa hakika kampuni yenyewe iliuacha utaratibu huo. Baadaye zilikuja treni za volti 6, kisha za volti 20, na mwaka 1938 zikaja treni ndogo zaidi zilizoitwa Hornby Dublo, zenye volti 12. Mwenye kukiunganisha kichwa cha volti 4 na mtambo wa volti 20 atauunguza. Mwenye kuugusa mtambo wa umeme wa nyumba bila kujua aweza kupoteza maisha. Nyaya za zamani nazo, ambazo kifuniko chake kimekauka na kupasuka, hazifai kuchomekwa ukutani kabla ya fundi wa umeme kuzikagua.

KITAMBUE KWANZA

Mpelelezi mzuri hamsaki mtu asiyemjua sura. Vivyo hivyo, asakaye maelekezo hana budi kwanza kukitambua chombo alicho nacho. Akikosea hapo, atatumia fedha kununua karatasi ya treni nyingine.

Mtego wa kwanza ni namba. Vichwa vingi vya mwanzo vya Hornby vina kibati ubavuni chenye namba 2710. Mtu mgeni hudhani ameshapata kitambulisho, kumbe namba hiyo ilibandikwa kwenye vichwa vingi vya rangi mbalimbali. Ni kama kumtambua mtu kwa sare yake: sare yaeleza kikosi, haielezi jina.

Alama bora zaidi ni herufi zilizoandikwa ubavuni. Mwaka 1923 makampuni mengi ya reli ya Uingereza yaliunganishwa kuwa makubwa manne, yakiwemo LMS na LNER. Kwa hiyo kigari chenye herufi LMS hakikupakwa rangi hiyo kabla ya mwaka 1923. Mwaka 1948 makampuni hayo yalitaifishwa na kuwa shirika moja la taifa, na treni za kuchezea zikafuata mabadiliko hayo. Hivyo historia ya nchi humsaidia mpelelezi kuubana mwaka wa kielelezo chake upande huu na upande ule.

Alama ya tatu ni jinsi mwili ulivyofungwa. Ukiwa na nati na bolti, yaelekea ni wa miaka ya mwanzo. Ukiwa na vijino vya bati vilivyopenyezwa katika mianya na kukunjwa, yaelekea ni wa baadaye. Alama ya nne ni upana wa reli: milimita 32 kwa treni kubwa, milimita 16.5 kwa Dublo. Apimaye kwa rula haongozwi na dhana.

KUWAHOJI MASHAHIDI

Baada ya utambuzi huja mahojiano. Shahidi wa kwanza ni sanduku lenyewe. Wengi hulipekua kwa macho tu, ilhali karatasi huenda imejibana chini ya kadibodi ya ndani, au maelekezo yamebandikwa upande wa ndani wa mfuniko. Sanduku lisitikiswe wala lisipasuliwe; lifunguliwe polepole juu ya meza safi.

Shahidi wa pili ni maandishi madogo yaliyo chini ya karatasi zozote zilizopatikana, hata kama ni za kitu kingine. Wachapaji wa Meccano waliweka tarakimu ambazo mara nyingi huficha mwezi na mwaka: 755 husomwa kuwa mwezi wa 7 mwaka 1955. Karatasi za Lionel nazo zilipewa namba ya fomu, aghalabu pamoja na mwezi na mwaka wa kuchapwa. Mwenye kuijua namba ya fomu anayoihitaji amekwisha kuivuka nusu ya safari, maana sasa aweza kuuliza swali lenye jibu.

Shahidi wa tatu ni machapisho ya wakati ule. Gazeti la Meccano Magazine lilianza mwaka 1916, na kuanzia mwaka 1925 palitoka vitabu vya Hornby vya kueleza treni zake. Katika kurasa hizo mna picha na maelezo ya jinsi reli zilivyopangwa. Zaidi ya hayo, makampuni yaliwapelekea mafundi wa maduka karatasi za matengenezo ambazo mteja wa kawaida hakuziona, zenye michoro ya vipande vikiwa vimetenganishwa kwa mfuatano. Karatasi hizo za mafundi mara nyingi hufaa kuliko ile ya mteja, kwa sababu ya mteja yaeleza jinsi ya kuendesha, na ya fundi yaeleza jinsi ya kufungua na kufunga.

Shahidi wa nne ni vyama. Wakusanyaji wa treni wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1954, wakajenga na makumbusho katika jimbo la Pennsylvania. Wapenzi wa Hornby wa Uingereza waliunda chao mwaka 1969, miaka 10 kabla ya kiwanda cha Binns Road kufungwa. Sehemu ya kumbukumbu za kampuni ya Meccano imehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Liverpool. Wanachama wa vyama hivi hunakiliana karatasi, hufundishana, na huandika kwa bidii yale waliyoyasikia kutoka kwa mafundi wa zamani kabla hawajafariki. Siku hizi nakala nyingi huonekana pia kwa njia ya intaneti, jambo ambalo limepunguza safari na gharama.

Kama ilivyo kwa mashahidi wote, wapo wa uongo. Karatasi mpya hutiwa rangi ya uzee na kuuzwa mnadani kwa bei ya asili. Nakala si dhambi, kwani kwa kazi ya kufunga treni nakala safi yatosha kabisa. Dhambi ni kuiita nakala kuwa asili. Mnunuzi na aitazame karatasi: mikunjo ya kweli huchakaza wino, mikunjo iliyochapwa haichakazi kitu.

CHOMBO CHENYEWE KINASEMA

Na ikiwa mashahidi wote wamenyamaza? Hapo hubaki kielelezo chenyewe. Nati iliyokaa mahali pamoja kwa miaka 80 huacha mviringo wa rangi isiyopauka. Tundu lililowahi kubeba ekseli huwa limelika upande mmoja, na tundu lisilotumika huwa limebaki mviringo kamili. Meno ya gia huonyesha yalikuwa yakishikana na gia ipi. Mafuta yaliyoganda huonyesha mahali palipokuwa pakizunguka. Mtu mwenye subira aweza kuyaandika upya maelekezo kwa kuzisoma alama hizo, hasa akipata treni ya pili ya aina ile ile na kuzilinganisha.

Lakini alama husomeka mara moja tu. Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu hufuata taratibu ambazo askari polisi anazifahamu tangu alipofunzwa kulinda mahali pa tukio. Hupiga picha kabla ya kugusa. Hutoa kipande kimoja kwa wakati mmoja. Hukiweka katika bahasha yenye namba, na kuandika daftarini kimetoka wapi na kilifuatana na kipi. Hawapaki rangi mpya, maana rangi mpya hufuta ushahidi wa zamani. Wala hawalazimishi bolti iliyoshika kutu. Huitia mafuta na kungoja hadi kesho.

Afanyaye hivyo hupata faida mbili. Treni yake yatembea tena. Na daftari lake, lililojaa michoro na namba, lawa maelekezo mapya kwa yule atakayekuja baada yake. Karatasi iliyotupwa mwaka 1920 imeandikwa upya na mkono mwingine.

Ndugu msomaji, yamkini hutaishika treni ya Hornby maishani mwako. Hata hivyo, katika kambi yako kuna jenereta, redio ya mawasiliano, pampu ya maji na pikipiki, na kila kimoja kilikuja na kitabu chake. Nyumbani kwako kuna cherehani au jiko la mafuta. Jiulize leo vitabu hivyo viko wapi. Ikiwa jibu ni kwamba yupo koplo mmoja mzoefu anayejua yote kichwani, basi kumbuka kwamba koplo naye atahamishwa, na siku moja atastaafu. Keti naye jioni moja, daftari mkononi, uandike yote anayoyajua. Kisha itafute bahasha ngumu, utie kitabu cha maelekezo ndani yake, uandike juu yake jina la chombo na tarehe kilipopokewa, na uifunge mahali ambapo mtu mwingine, hata baada ya miaka 50, hataweza kuikosa.